Mkwaruzo wa Gari la Kijani

Ngamiani yote, mtaa wetu wa Tanga, ilimwita Mwosha, na mgeni akiuliza huyu mzee anaosha nini, alijibiwa kwa swali: wewe unataka kuoshewa nini? Asubuhi aliosha magari. Akiitwa, aliacha ndoo yake akaenda kuosha maiti wa kiume wa mtaa wetu. Kazi zote mbili alizianza kabla sijapata akili ya kumtazama, na nyumba yake ilipakana na yetu, ukuta mmoja tukichangia. Namkumbuka kuliko ninavyomkumbuka marehemu baba yangu, wala si kwa wema peke yake. Nimemchukia mtu huyu, nikamhurumia, nikamchukia tena. Mpaka leo nikisikia maji yakimwagika juu ya bati asubuhi mapema, moyo unanidunda.

Ilikuwa miaka ya hamsini, magari ya watu wa Ngamiani yakihesabika kwa vidole, na kila moja tulilijua kwa mlio wake. Mwosha alikuwa na maneno yake ambayo hakuchoka kuyarudia. "Kuosha gari hata mvua yaweza," alikuwa akisema. "Kazi ni kulikausha." Maji ya visima vyetu yana chumvi, yakikaukia juu ya rangi yanaacha madoa meupe yasiyotoka. Kwa hiyo lazima ukaushe upesi kabla jua halijapanda. Lakini ukifanya pupa, zile chembe za vumbi jekundu la njia ya Pongwe zilizobaki zinageuka misumari mkononi mwako. Hapo ndipo ufundi wake ulipokuwa, kati ya jua na mchanga.

Alifanya kazi amevaa kikoi na fulana, kwa sababu shati lina vifungo na mkanda una chuma. Pete yake ya fedha aliivua na kuifunga kwenye pindo la kikoi. Kitambaa chake kilikuwa kanga kuukuu alizoziomba kwa akina mama wa mtaani, na hakuchukua kanga yoyote tu. Aliitaka ile iliyofuliwa mpaka maua yake yamefifia, kisha akaikata pindo zote, maana uzi wa pindo ni mgumu. Aliitia maji, akaikamua, halafu akaiinua mbele ya mdomo wake na kuipitisha taratibu juu ya mdomo wa chini. Siku moja nilimuuliza anafanya nini, nikidhani ni dua.

"Natafuta mchanga," akasema. "Mkono wangu umeota sugu, hausikii tena. Mdomo wasikia."

Kisha aliitandaza kanga ile juu ya paa la gari kama unavyomfunika mtoto aliyelala, akashika ncha mbili, akaivuta kuelekea kwake bila kuigandamiza. Hakuzungusha mkono, hakusugua. Alianza juu akashuka chini, na sehemu za chini zilizokula matope zilikuwa na kitambaa chake peke yake ambacho hakikupanda juu kamwe. Tone lililobaki alilibonyeza likanyonywa. Kitambaa kikianguka chini, hata ncha tu, hakikurudi kwenye gari siku hiyo. Alimpa mama yangu akashikie vyungu. Tulikuwa na vitambaa vya kushikia vyungu kuliko nyumba yoyote Ngamiani.

Dereva mmoja wa teksi aliwahi kujitia kumsaidia, akawa anasugua boneti kwa duara, kwa nguvu zake zote. Mwosha alimshika kiwiko.

"Wamkuna nani?" akamuuliza. "Ana upele?"

Mtaa mzima ulicheka, na yule dereva aliitwa Mkunaji mpaka alipohamia Korogwe.

Alikuwa na vichekesho vyake vingine. Alipenda halua mpaka meno yakamwisha, na paka akipita uani kwake alimwamkia kama mpangaji. Lakini kubwa kuliko yote, mtu huyu aliyemaliza akili yake yote juu ya magari hakupanda gari. Alisema likianza kwenda tu, tumbo linampanda. Akiitwa Raskazone kwenye nyumba za wakubwa, alikwenda kwa miguu na ndoo yake kichwani na kurudi kwa miguu, huku gari aliloling'arisha likimpita njiani na mwenyewe akimpungia mkono.

Na watu walimwogopa kidogo, ingawa walimpenda. Siku ya harusi hakuna aliyetaka gari la bibi harusi lishikwe na mikono iliyoshika maiti juzi. Hakuna aliyemwambia. Alijua mwenyewe, na siku za harusi alijifungia ndani mpaka adhuhuri, watu wasione haya kulipitisha gari mbele ya mlango wake kwenda kuoshwa pengine. Mimi nilimsikia kupitia ukutani, akikohoa. Msiba ukitokea, walewale ndio waliokuja kumgongea wa kwanza.

Maiti naye alimkausha vilevile. Walionieleza ni wanaume waliomsaidia kumwagia maji. Walisema hakumsugua maiti hata mara moja, alimlaza kitambaa, akamvuta maji, akambonyeza pale palipobaki unyevu. "Anaumia kama wewe," alikuwa akiwaambia, "ila hana wa kumwambia."

Palikuwa na desturi moja ya kazi hiyo ambayo lazima niieleze, maana ndiyo iliyotuumiza. Mwosha maiti anafundishwa kwamba akiona jambo jema kwa marehemu, uso uliotulia au harufu nzuri, anaweza kulisema, watu wafurahi. Akiona la aibu, analisitiri, analifunika na kulibeba mpaka kaburini kwake mwenyewe. Kwa hiyo kila alipotoka, wanaume wa barazani walimuuliza: "Mzee, uso wake ulikuwaje?" Ikiwa jema, alilisema. Ikiwa si jema, alisema "Alhamdulillahi" tu, akaomba maji ya kunywa. Yeye alidhani amesitiri. Lakini mtaa ulikwishajifunza kumsoma. Akisema Alhamdulillahi na kuomba maji, watu walitazamana, na kufika jioni marehemu alikuwa na sifa mpya.

Kaka yangu Rashidi alipokufa, Mwosha alitoka chumbani, akaulizwa, akasema Alhamdulillahi, akaomba maji.

Rashidi alikuwa wangu wa pekee, amenizidi miaka miwili. Mama yetu alitengeneza achari ya maembe na ndimu, akauza sokoni, na siki yake aliipata kwa wagema wa upande wa Pongwe, ile siki inayotokana na tembo la mnazi, pombe ya wagema, lililoachwa likachacha. Jioni ile alimtuma Rashidi kwa baiskeli akalete chupa mbili. Hakurudi. Asubuhi wanawake waliokwenda kuni walimkuta mtaroni, baiskeli imepinda juu yake, chupa zimevunjika, nguo zote zimelowa. Sasa nani alinusa akafikiria siki? Siki changa na tembo harufu zake ni ndugu. Neno likafika mjini kabla ya maiti: kijana amelewa kwa wagema, ameanguka na baiskeli, amevunja shingo.

Mama alisema ni siki. Alisema kwa kila aliyekuja kutoa pole, mpaka watu wakaanza kumwonea huruma ile inayoudhi. Tegemeo lake lilikuwa Mwosha. Anayeosha maiti humsafisha kinywa na meno kwa kidole kilichofungwa kitambaa, na mtu aliyelewa mpaka akafa hawezi kuficha kinywa chake. "Mwosha atasema," mama akaniambia, ameshika mlango. Mwosha akaomba maji.

Waliofuata jeneza walikuwa wachache. Mama hakupika achari tena. Alianza hata yeye mwenyewe kutia shaka, nalo ndilo lililoniuma kuliko yote. Angeweza kuwa anachambua mchele, akasimama ghafla: "Labda ile siki haijaiva. Labda alionja njiani." Kila alipokutana na Mwosha alimuuliza kwa sauti ya chini, "Mzee, uliona nini kwa mwanangu?" Naye akamjibu kila mara, "Nilimsitiri, mama." Mama akarudi ndani akalia. Kumsitiri maana yake palikuwa na la kusitiri.

Wiki hiyohiyo ya msiba Mwosha naye alipatwa na lake. Mtaani kwetu palikuwa na tajiri wa mbao, mwenye gari la kijani, na asubuhi ileile aliyookotwa Rashidi, Mwosha alikuwa analikausha gari hilo. Tajiri alitoka, akanyooshea kidole madigadi ya mbele ya kushoto, bati lile linalofunika gurudumu. Palikuwa na mkwaruzo mrefu, rangi imetoka mpaka chuma kinaonekana.

"Umenikwaruzia gari!" akapiga kelele, majirani wakasikia.

Mwosha alikataa. Alikataa kwa hasira ambayo hatukuwahi kuiona kwake, akaapa, akaonyesha kitambaa, akaonyesha mikono isiyo na pete. Lakini jioni, baada ya mazishi ya kaka yangu, wanaume walipomtania barazani, alisema kwa utulivu, "Ni mimi. Chembe ya mchanga ilinipita." Watu wakamsifu kwa uungwana wake wa kukiri. Tajiri hakumwita tena, na wenye magari wengine wawili watatu wakamwacha. Mzee wa kitambaa cha mdomoni, amekwaruza gari mpaka chuma! Ikawa hadithi ya Ngamiani.

Nami nilimtania. Leo nalia nikikumbuka. Nilikuwa na hasira naye kwa ajili ya mama, na nilikuwa msichana mwenye ulimi mkali. Kila nilipomwona anakikamua kitambaa chake nilisema, "Mzee, angalia lisije likawa kama lile la kijani." Aliinamisha kichwa akaendelea na kazi, akipitisha kanga mdomoni mara tatu, mara nne, zaidi ya zamani. Katika miaka ile alianza tabia mpya, gari likishakauka kabisa alilirudia tena, kavu kwa kavu, mkono wake ukipita hewani bila kuligusa, wenye magari wakimsubiri kwa kuudhika. Tulisema uzee.

Mama alikufa mwaka wa tano baada ya Rashidi. Siku za mwisho hakuuliza la dawa wala la dunia. Aliuliza, "Mwosha hajasema?" Aliyemwosha mama ni mke wa tajiri wa mbao, maana wanawake huoshwa na wanawake, na yeye ndiye aliyeijua kazi hiyo upande wetu. Alikuwa mwanamke mwema. Katika ile miaka ambayo mama hakukanyaga misiba ya watu kwa aibu, yeye peke yake ndiye aliyekuja kumtembelea kila Ijumaa, na kibakuli cha tambi.

Haukupita mwaka tangu mama azikwe. Asubuhi moja, saa mbili hivi, Mwosha aligonga mlango wa uani. Nilikuwa nashona kofia. Alikuwa amevaa kanzu safi, na nikajua ameitwa mahali.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu." Hakukaa. Nilimpa kiti akakitazama tu. "Tajiri wa mbao amefariki alfajiri. Nimeitwa nikamwoshe."

"Inna lillahi."

"Nikishamtia maji, mambo yake yatakuwa amana kwangu. Sitoweza kukwambia tena mpaka nife. Ndipo nikaja sasa, kabla sijamgusa."

Niliweka kofia chini. Alizungumza akitazama ukuta, ule ukuta wetu.

"Kaka yako hakunywa. Nilimsafisha kinywa kwa kidole hiki. Kilikuwa safi kama cha mtoto. Harufu ilikuwa nguoni, si kinywani. Na kwenye nyonga yake ya kulia palikuwa na rangi ya kijani, imeingia ndani ya ngozi. Nikaijua. Nilikuwa nimetoka kuishika asubuhi. Alikuwa anarudi na gari lake toka Muheza jioni ile, yule bwana, na kaka yako anatokea njia ya wagema anakata barabara."

Nilikuwa naisikia sauti ya mama, labda alionja njiani.

"Nililaza kitambaa, haikutoka," akasema Mwosha. "Nikakibonyeza, haikutoka. Nikawatuma wasaidizi nje wakaongeze maji, nikamsugua, mwanangu. Nilimsugua mpaka ikatoka. Ni maiti pekee niliyemsugua maisha yangu."

"Na ule mkwaruzo," nikasema.

"Si wangu."

"Kwa nini ulikubali?"

"Ningeendelea kukataa, wangetafuta umetoka wapi."

Hapo hasira ikanipanda mpaka masikio yakavuma. Nilisimama. Nilimwambia jema alikuwa na ruhusa ya kulisema, dini yenyewe imemruhusu. Alishindwa nini kusema kinywa cha kijana kilikuwa safi? Maneno manne! Mama yangu amekufa anayangoja maneno manne!

"Ningesema kinywa safi, wangeniuliza, basi alianguka vipi? Niliogopa swali la pili."

"Ulimwogopa tajiri."

"Nilimwogopa. Nikajiambia ni sitara. Miaka yote hii najiambia ni sitara." Kisha akapiga magoti uani kwetu, mzee yule, kanzu nyeupe kwenye vumbi. "Niwie radhi, mwanangu. Na unipe na ya mama yako."

Sikumpa. Nasema wazi, sikumpa yangu wala ya mama. Nilimwambia, "Nenda kaoshe maiti wako." Aliinuka kwa kujishika ukuta, akaenda.

Kutokwenda msibani kwa jirani ni jambo lisilowezekana kwetu, hata uwe na moto kifuani. Nilijifunga kanga nikaenda. Nilikwenda pia, niseme kweli, nikiwa nimeamua kusema mbele ya wanawake wote. Nilipanga maneno njiani. Chumba cha wanawake kilikuwa na dirisha linalotazama barazani, na mjane aliponiona alinivuta nikae ubavuni pake, akaushika mkono wangu akaulaza mapajani mwake. Mkono wake ulikuwa wa baridi. Nikakumbuka ndio uliomvua mama nguo kwa mara ya mwisho, ukamfunga kidevu, ukamchana nywele.

Mwosha akatoka ndani. Tulimwona kupitia dirishani, mikono yake bado imelowa. Wanaume wakamuuliza kama desturi.

"Mzee, uso wake ulikuwaje?"

Chumbani mjane akaacha kulia ili asikie. Tulidhani atasema la heri, au ataomba maji.

"Kinywa chake kilikuwa safi," akasema Mwosha, kwa sauti kubwa ambayo sikujua anayo. "Hakunywa. Harufu ilikuwa ya siki."

Watu wakatazamana. Mmoja akamwambia kwa upole, "Mzee, marehemu huyu ni bwana wa mbao."

"Namjua niliyemwosha. Wa leo simsemi. Nasema wa Rashidi, mwana wa mama wa achari. Mliniuliza siku ile, sikuwajibu. Nawajibu sasa. Hakunywa. Aligongwa na gari."

"Gari la nani?"

Akafumba mdomo. Alikuwa amekwishamwosha yule bwana, na amana ilikuwa imemfunga. Aligeuka akatazama dirisha letu. Kule barazani wakaanza kunong'ona kuwa mzee amechanganyikiwa, maiti wamemzidi wingi, na mtu mmoja akaenda kumtafutia kiti.

Wanawake wote waligeuka kunitazama mimi. Mjane alinikaza mkono.

"Anasema nini huyu, mwanangu? Gari gani? Wewe wajua?"

Neno lilikuwa mdomoni kwangu. Nilimtazama usoni, macho yamevimba, mume wake bado yuko chumba cha pili hajafungwa sanda. Niliogopa swali lake la pili.

"Uzee, bibi," nikasema. "Anachanganya maiti."

"Mungu amsamehe," akasema, akanivutia kichwa changu begani kwake, akaanza kulia tena, na mimi nikalia naye. Nilipoinua macho, barazani walikuwa wamemletea Mwosha kikombe cha maji. Hakukipokea. Alikuwa amesimama palepale, ameelekeza uso wake dirishani, ananisubiri.